Nani Aliipa Barabara Cheo?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea fanya jaribio dogo. Chukua simu, yako au ya kuazima, fungua ramani tatu za watengenezaji tofauti, halafu tafuta Kaloleni. Angalia kwanza usije ukapelekwa Kilifi, maana Kaloleni ni nyingi: iko ya pwani ya Kenya, iko ya Nairobi, iko hata ya Moshi hapo jirani. Yetu ni hii ya Arusha, ya karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, yenye Makumbusho ya Azimio, jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa kikao Januari 1967 na nchi ikabadilika. Ukishafika, usihangaike na majina. Tazama unene wa mistari na rangi zake.

Mtaa ninaokaa mimi niliukuta na sura tatu. Ramani ya kwanza imeuchora mnene na mweupe, sawa kabisa na mtaa wa jirani wenye lami. Ya pili imeuchora kwa vidoti, yaani njia ya shambani, utadhani huku tunalima kahawa. Ya tatu imeuanza vizuri, kisha ikaukata katikati, kana kwamba wanaokaa nyuma wanaingia majumbani kwa kuruka ukuta. Mtaa ni ule ule na tope ni lile lile! Sasa mimi ninaandika riwaya (bado iko kwenye madaftari, msinicheke), na mhusika wangu ni kijana wa bodaboda, kwa hiyo habari za njia nazichukulia kwa uzito. Nikaanza kujiuliza: hivi nani hasa anayeipa barabara cheo chake?

Kijiweni jibu ni fupi: "Hao jamaa wamekosea, achana nao." Mimi nasema hapana. Kukosea kupo, lakini sehemu kubwa ya mkanganyiko huu si makosa. Kila mchoraji amejibu swali alilojiuliza mwenyewe, na maswali hayo yana umri mkubwa kuliko simu zote za Arusha.

Kiswahili chetu nacho kimetutania hapa. Daraja ni lile la kuvukia mto, na daraja ni cheo. Sisi wa Arusha yote mawili tunayo kwa wingi. Mito inapita katikati ya mji, Themi, Naura, Goliondoi, Burka, na kata nzima inaitwa Daraja Mbili. Sasa mwambie mgeni kwamba barabara fulani ni ya daraja la pili, uone atakavyoanza kutafuta mto.

Tuanze na ramani ambayo wengi wetu tuliikuta shuleni. Aliyesoma Jiografia mpaka kidato cha nne hawezi kuisahau ile ramani ya kipimo cha moja kwa elfu hamsini, na mwalimu akikudai umbali wa barabara kwa uzi. Pembeni yake kulikuwa na ufunguo. Kumbuka ulivyoandikwa: barabara ya majira yote yenye lami, barabara ya majira yote isiyo na lami, barabara ya kiangazi, njia ya gari, njia ya miguu. Ramani za namna hiyo zilitokana na picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Nyingi zilichorwa na idara ya upimaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, ikishirikiana na wapimaji wa huku.

Tazama idara ile ilivyouliza. Haikuuliza barabara hii ni ya nani, wala inaunganisha mkoa gani na mkoa gani. Iliuliza: mvua ikinyesha, inapitika? Najua mtasema mkoloni alikuwa na nia yake, na ni kweli. Alitaka kujua kama gari la Bwana Shauri litafika kudai kodi mwezi wa nne. Lakini swali lenyewe lilikuwa swali la mtu anayesafiri, na bibi anayekwenda kliniki angeuliza hilo hilo. Limekuja kupotea baadaye, na namna lilivyopotea ndiyo habari yenyewe.

Sasa twende kwenye barabara kubwa, maana huko ndiko vyeo vilikoanzia. Wajerumani walijenga boma lao hapa kati ya 1899 na 1900, kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa kazi. Baada ya boma ikahitajika njia ya kulifikia kutoka Moshi. Miaka michache baadaye wakaja Makaburu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakajipatia mashamba chini ya Meru. Mwingereza naye alipochukua nchi alileta reli mpaka Arusha mwaka 1929, na kwa upande wa barabara akaleta ndoto kubwa: kutoka Cape Town mpaka Cairo, yote juu ya ardhi yake. Sehemu yetu akaiita Barabara Kuu ya Kaskazini. Ndiyo maana mpaka leo Mnara wa Saa pale mjini unasemekana kuwa nusu ya safari kati ya Cape Town na Cairo. Wenye vipimo wanabisha, lakini wauza vinyago hawabishi.

Hiyo Barabara Kuu ya Kaskazini ilitoka Arusha, ikapita Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, hadi Mbeya. Kwenye atlasi ilipewa mstari mnene mwekundu tangu babu zetu wakiwa vijana. Je, ilipitika? Lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018! Kabla ya hapo mtu wa Arusha mwenye shida zake Dodoma alipanda basi la kuzungukia Chalinze, na baadaye la kupitia Singida, akiiacha Barabara Kuu ikiwa kuu kwenye karatasi. Mstari mnene ulikuwa unasema kweli, ila ulikuwa ukijibu swali la heshima. Swali la magurudumu lilikuwa halijajibiwa.

Namba nazo ni vichekesho. Kwa miaka mingi barabara hii ilijulikana kwa namba A104, ikisomeka hivyo huku na ng'ambo ya mpaka. Kwetu ikaja namba ya barabara kuu za taifa, T2, kutoka Chalinze kupitia Segera, Moshi na Arusha mpaka Namanga. Wakenya nao mwaka 2016 wakapanga upya barabara zao, na kipande cha Nairobi hadi Namanga kikawa sehemu ya A2. Kwa hiyo dereva wa lori anayetoka Nairobi kuja kwetu anabadilishiwa jina la barabara pale pale anapogongewa pasi, na kama ramani yake ni ya zamani anaendelea na A104 mpaka nyumbani. Barabara inapita katika mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini namba moja imetushinda.

Na mjini humu tunayo Barabara ya Moshi ya Zamani. Jina lake linajieleza kama mzee aliyestaafu. Zamani ukienda Moshi ulipita hapo, siku hizi ni barabara ya mtaani yenye miti na majumba. Cheo kilihama, jina likabaki nyuma kusimulia. Mwaka 2021 ikazinduliwa barabara ya mchepuo, kilomita 42.4, inayozunguka mji ili malori yasilazimike kupita katikati. Hapo kila mchoraji wa ramani amekutana na mtihani: mstari mnene uendelee kupita mjini kama ulivyozoeleka, au uhamie nje kwenye malori? Wawili wakijibu tofauti, unapata Arusha mbili.

Nimesema swali la kupitika lilipotea. Sasa niseme lilipotelea wapi.

Mwaka 2004 kijana Mwingereza, Steve Coast, akiwa bado mwanafunzi London, alianzisha OpenStreetMap. Ramani nzuri za kwao zilikuwa za serikali na zilihitaji malipo, yeye akasema tuchore yetu, kila mtu achore alipo. Wakaanza na vifaa vya kupokea setilaiti juu ya baiskeli. Mwaka uliofuata, 2005, ikatoka Google Maps. Mimi nampenda mtu wa namna ya Coast, sina ubishi naye. Lakini alipohitaji vyeo vya barabara alichukua vilivyokuwa karibu, yaani vya nyumbani kwake. Uingereza ilipanga barabara zake kwa herufi A na B katika miaka ya 1920, na zilizobaki chini kabisa zikaitwa kwa neno lenye maana ya "isiyopangiwa daraja". OpenStreetMap ikachukua ngazi ile yote pamoja na neno lile. Kwa hiyo katika ramani hiyo, "isiyopangiwa daraja" nalo ni daraja! Mpaka mwaka 2015 hata rangi zilikuwa za kule kule: barabara kuu kijani kama kwenye vibao vya Uingereza, inayofuata nyekundu, inayofuata ya chungwa. Barabara yetu ya Namanga imewahi kuvaa kijani cha Mwingereza miaka zaidi ya hamsini baada ya Uhuru, na hakuna aliyetuma ujumbe wowote kututawala.

Kisha wakaja wachoraji wa mbali. Baada ya tetemeko la Haiti mwaka 2010 watu wa kujitolea walizoea kukaa Ulaya na Marekani na kuchora nchi za wengine kwa kutazama picha za setilaiti. Wamefanya kazi kubwa, vijiji vingi vya Tanzania visingeonekana popote bila wao. Lakini hebu mweke kijana wa Ujerumani mbele ya picha ya Kaloleni au ya Ngaramtoni. Anaona udongo mwekundu. Kwao barabara ya udongo ni ya trekta shambani. Anaandika njia ya shamba, analala usingizi wake. Anayefuata anasema, "Mbona hapa wanakaa watu?" Anapandisha cheo. Wa tatu anashusha. Ndipo wenyewe OpenStreetMap wakaandika mwongozo maalumu kwa ajili ya Afrika: barabara ipewe daraja kwa umuhimu wake kwa watu, na hali yake, kama ni lami, changarawe au udongo, iandikwe pembeni kivyake.

Mwongozo huo ni wa haki. Barabara pekee ya kufikia hospitali ya wilaya ni muhimu hata kama ni vumbi tupu. Lakini angalia kilichotokea. Umuhimu ndio unaochorwa kwa rangi na unene, na kila jicho linauona. Hali ya barabara imo ndani, kwenye maandishi, na mara nyingi hakuna aliyeyajaza. Mwenye simu anaona cheo, haoni tope.

Sasa mtu atauliza, shida iko wapi? Si mistari tu? La hasha. Cheo cha barabara kina meno, na yanauma nyumba.

Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 ilizigawa barabara zetu. Juu kuna barabara kuu na za mkoa, zinazoangaliwa na TANROADS, wakala ulioanza mwaka 2000. Chini kuna za wilaya, zikiwa za mkusanyo, za mlisho na za jamii, ambazo tangu 2017 ziko chini ya TARURA. Ni nani aje kuziba shimo, fungu litoke wapi, na ukuta wako usimame wapi, hayo yote yanafuata daraja. Hifadhi ya barabara kuu ilipanuliwa kutoka mita 45 hadi mita 60, yaani kutoka 22.5 kila upande mpaka 30. Mita saba na nusu! Ni chumba na sebule za watu wengi. Hapo ndipo zilipotoka zile alama za X kwenye kuta: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, huyo halipwi, na kijani kwa aliyekutwa na upanuzi, huyo analipwa. Na kule Kimara, Dar es Salaam, mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro ndani ya mita 121.5 kila upande, Serikali ikisimamia hifadhi yenye mizizi katika sheria ya Mwingereza ya mwaka 1932. Watu walikuwa wamejenga kando ya barabara. Hifadhi ilikuwa imewatangulia kwa miaka themanini na mitano.

Bila shaka simu haibomoi nyumba, na mpimaji wa serikali haongozwi na rangi za Google. Lakini nenda kwa dalali wa viwanja siku hizi. Karatasi za ofisini hakuonyeshi, anatoa simu. "Si unaona mwenyewe, kabarabara kadogo tu haka." Kijana aliyedunduliza miaka sita anatazama uzi mwembamba kwenye kioo, anatoa pesa. Kumbe uzi ule kisheria ni wa mkoa. Mchoraji aliyeufanya mwembamba alikuwa anafikiria magari yanayopita, sheria inafikiria mita, na dalali anafikiria kamisheni.

Vita ya cheo cha barabara imewahi kufika mpaka mahakamani, tena hapa hapa Arusha. Serikali ilikuwa na mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kuunganisha upande wa Mugumu na Loliondo. Shirika la African Network for Animal Welfare la Kenya likafungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama ikazuia kujengwa barabara ya kiwango cha lami ndani ya hifadhi ile. Soma vizuri: ilichokizuia ni kiwango. Wanyama, watalii, na wananchi wa Loliondo waliohitaji njia ya kufika sokoni na hospitali, wote walikuwa wananing'inia kwenye swali kwamba ule mstari ni wa daraja gani.

Na kusini yake iko barabara nyingine, ya Makuyuni kwenda Musoma, inayopita Ngorongoro na Serengeti. Kwa sheria ni barabara kuu kama ile ya Namanga. Lami inakuacha kwenye geti la Ngorongoro. Kuanzia hapo ni changarawe na vumbi, halafu unalipia kiingilio. Mwombe rafiki wa kwenye simu akuelekeze Musoma, uone kama mstari utabadilika unene pale getini.

Wapo waliolirudisha lile swali la zamani, lazima niwataje. Kibera, Nairobi, mwaka 2009 vijana wa mle mle walichora ramani ya mitaa yao, mahali ambapo ramani nyingi zilionyesha eneo tupu. Mwaka 2011 Tandale ikafuata, na mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria Dar es Salaam, wanafunzi wa vyuo na watu wa mitaani wakitembea kata zinazofurika na kuandika mitaro iko wapi na maji yanakwenda wapi. Hao hawakuanza na cheo. Walianza na mvua.

Arusha hatuna sababu ya kulisahau swali hilo. Mlima uko juu yetu, mito inashuka yote kwetu. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji ya mvua katika jiji hili hili, na watoto wakafa. Sisemi ramani ingewaokoa, huo utakuwa uongo wa kutafuta machozi ya msomaji. Nasema tu kwamba kwenye ramani ya moja kwa elfu hamsini, ile ya kupimia kwa uzi, kulikuwa na alama ya barabara isiyoaminika masika, na mtoto wa kidato cha pili aliisoma. Kwenye simu alama hiyo haipo mbele ya macho.

Mwaka 2022 ikaja operesheni ya anwani za makazi, kabla ya sensa ya Agosti. Nguzo zikasimikwa, majina yakaandikwa, nyumba zikapewa namba. Ni jambo jema, hata barua ya mhariri wa gazeti hili sasa ina mahali pa kufikia. Lakini jina si cheo. Mpigie bodaboda, umtajie mtaa na namba ya nyumba kama ilivyoandikwa kwenye nguzo. Atakusikiliza kwa adabu, kisha atauliza, "Sawa kaka, pikipiki inafika mpaka getini?"

Kuna kitu kimoja OpenStreetMap wanacho ambacho ramani ya karatasi haikuwa nacho: kila mstari umehifadhiwa na historia yake, toleo kwa toleo, pamoja na tarehe. Nilikaa siku moja nikausoma mtaa wetu kama mtu anayesoma jalada la kesi. Una matoleo manne. Wa kwanza aliuandika njia ya shamba. Wa pili akaufanya mtaa wa makazi. Wa tatu akaurudisha kuwa njia ya shamba. Wa nne hakugusa cheo. Aliongeza neno moja tu pembeni: udongo.